Baba Yuko Chini ya Gari

Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili imo moja kutoka kata ya Rugera, wilayani Karagwe. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Mumewe, ambaye ni mwalimu, alinunua Toyota Probox iliyotumika baada ya msimu wa kahawa, na tangu siku hiyo Jumamosi zake zote zimehamia chini ya gari hilo. Alianza kwa kubadili oili, akaendelea na plagi, kisha taa, kisha redio. Sasa anataka kufungua breki za mbele kwa mikono yake mwenyewe. Majirani nao wameona kwamba mwalimu ana spana na anajua kuzitumia, basi wameanza kumletea magari na pikipiki zao. Binti yao mwenye umri wa miaka 14 amekwisha kujua saizi za spana zote kuliko kaka zake, na mtoto mdogo wa miaka saba ndiye anayetambaa chini kumpelekea babake nati inayodondoka.

Dada yetu huyu anauliza kama amkataze mumewe. Anauliza pia nani atakayelipa iwapo gari la jirani litaharibika mikononi mwake, na ni lipi hukumu ya udhu wa mtu ambaye mikono yake haitoki grisi. Ameandika kwa adabu na utulivu, lakini katika mistari ya mwisho hofu yake imejitokeza: majuma mawili yaliyopita jeki iliteleza na gari likashuka, muda mfupi tu baada ya mumewe kutoka chini yake kwenda kuswali Adhuhuri.

Tunamshukuru Allah kwa salama hiyo. Katika kujibu, tutaanza na swali la kwanza, kwa kuwa ndilo linalogusa uhai.

Hatumshauri amkataze. Mwenye kutengeneza chombo chake kwa mkono wake hafanyi jambo la fedheha wala la upuuzi. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, miongoni mwa aliyoyataja ni kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Na katika Sura Sabai, aya ya 10 na ya 11, tunaelezwa jinsi Allah alivyomlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma na kumuamrisha atengeneze deraya. Angalieni kwamba amri ile haikuishia kwenye kutengeneza. Aliamrishwa pia akadirie vizuri uunganishaji wa pete za deraya, maana pete ikilegea mkuki utapenya, na ikibana mno aliyeivaa hataweza kujongea. Ufundi na kipimo vimetajwa mahali pamoja, na mwenye kushika spana ana haki ya kuisoma aya hiyo kama mtu anayehusika nayo.

Wala nchi hii ya Karagwe si ngeni kwa kazi ya chuma. Msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta ufalme ambao wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu ya Bweranyange. Miongoni mwa hazina za ufalme huo zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Mashariki kidogo, kwa jirani zao Wahaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu tanuri za kale za kuyeyushia chuma kandokando ya Ziwa Viktoria, nao walishangazwa na kiwango cha ustadi walichokikuta. Kwa hiyo mwalimu anayejilaza uani na spana mkononi hakuleta jambo jipya katika nchi ya mababu zake, ingawa mababu hao hawakuwa na jeki.

Ziko pia sababu za maisha ya kila siku. Anayeishi Rugera, au Nyakakika, au upande wa Kyerwa kule Murongo na Kaisho, hana gereji ya uhakika mlangoni pake. Likiharibika gari humbidi alikokote hadi Kayanga au Omurushaka, aache kazi siku nzima, na mara nyingi akute kijana ambaye naye anajifunza kazi kwenye gari la mteja. Mwenye gari anayejua walau majina ya vifaa hadanganywi kirahisi. Ataambiwa alteneta imekufa, naye atakuwa amekwisha kuona kwamba ni belti iliyolegea.

Basi tatizo liko katika namna kazi hiyo inavyofanywa nyumbani humo, na hapa naomba dada yetu ampe mumewe ukurasa huu asome mwenyewe.

Mwalimu, jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa kazi moja tu: kubadilishia tairi. Waliotengeneza gari lako wameandika onyo hilo katika kijitabu, ila kwa kuwa magari haya yaliuzwa kwanza Japani, onyo limeandikwa kwa Kijapani na wewe hukulisoma. Jeki hiyo husimama juu ya kitako kisichozidi kiganja cha mkono, na gari lako lina uzito wa takriban tani moja. Udongo mwekundu wa Karagwe ni mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, lakini mvua za vuli zikishapiga, kitako kile huzama upande mmoja taratibu bila wewe kuona, mpaka jeki inainama na gari linashuka. Mtu hapewi muda wa kujivuta.

Anayetaka kuingia chini ya gari lake ni lazima awe na stendi mbili za chuma, zile za miguu mitatu au minne zinazofungwa kwa pini. Jeki kazi yake ni kuinua, na stendi kazi yake ni kubeba. Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni kabla hujaingia. Likitikisika, lishushe uanze upya. Chini ya jeki na stendi weka ubao mpana mgumu ili uzito usambae. Usitumie matofali hata mara moja, yawe ya kuchoma au ya saruji, kwa kuwa tofali halianzi kwa kuinama likakupa dalili, bali hupasuka kwa ghafla. Mawe nayo huteleza. Kama fedha ya stendi haijapatikana, kazi za chini ya gari zisubiri, na wala hilo si jambo la aibu.

Liko jingine ambalo hata mafundi wengi hulisahau. Breki ya mkono katika magari haya hushika matairi ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma, breki hiyo haina tena inachokishika ardhini. Wengine hujiliwaza kwamba gia ya otomatiki ipo kwenye P. Lakini katika magari yanayovutwa na matairi ya mbele, P hushika mbele, na ukiinua tairi moja tu la mbele, difu huliacha lile lililoinuliwa lizunguke, na la pili linaweza kubingirika. Ndiyo maana gari huanguka kutoka kwenye jeki ingawa mwenyewe anaapa kwamba alilifunga. Dawa yake ni vigingi vya mbao, viwili kwa kila tairi, mbele na nyuma, kwenye matairi yote yanayobaki ardhini. Na ua wenye mteremko haufai kwa kazi hii, hata kama kivuli cha mwembe kiko hapo.

Kuhusu yule mtoto wa miaka saba sina maneno mengi. Asiingie chini ya gari, asikae pembeni yake likiwa limeinuliwa, na nati ikidondoka ibaki ilipo mpaka gari lishuke. Mama ana haki kamili ya kusimamia hili moja bila kubembeleza, na mume mwenye busara atamshukuru.

Baada ya hapo, kazi nyingi za kumnufaisha mwenye gari hazihitaji kuingia chini kabisa. Chukua vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti barabara za ndani za Karagwe na Kyerwa hugeuka unga, na unga huo wote huvutwa na injini kupitia chujio la hewa ambalo mafundi wetu huliita eya klina. Gari linalotembea mjini huweza kukaa na chujio lake muda mrefu, lakini la Rugera halivumilii. Kifuniko chake hufunguliwa kwa vibanio viwili au vitatu, bila spana. Litoe, ligongegonge taratibu kwenye kiganja, likiwa jeusi linunue jipya. Usilioshe kwa maji na sabuni lile la karatasi, wala usiendeshe bila chujio ati gari livute vizuri, maana mchanga ule ule utaanza kusaga pistoni na ringi, na utakuwa umeanza safari ya kuua injini yako.

Chukua matairi. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva ipo karatasi ndogo iliyogandishwa kiwandani. Maneno ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zile zile tunazozijua. Ukiona 220 au 230 pamoja na herufi kPa, hicho ndicho kipimo cha upepo. Mashine zetu za upepo hutumia psi, na 220 ya Kijapani ni sawa na 32 hivi kwa kipimo hicho, 230 ni sawa na 33. Karatasi hiyo huonyesha pia kiasi cha kuongeza gari linapobeba mzigo. Wako vijana wa kujaza upepo ambao huweka 45 kwa kila gari linalopita, na tairi lililojazwa hivyo huruka juu ya kokoto badala ya kuzishika. Ukinunua tairi la mtumba, tazama ubavuni palipoandikwa DOT, usome tarakimu nne za mwisho. Ikiwa ni 3514, basi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa mazima kabisa huku mpira umekwisha kuwa mkavu kama gome.

Oili nayo si kazi ngumu kwa mtu mwenye stendi. Injini ya 1NZ iliyomo katika Probox na IST nyingi huchukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Dumu la dukani ni la lita nne, na watu wengi hulimimina lote kwa kuogopa kubakiza. Oili ikizidi hupigwa na mhimili wa injini ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Mimina lita tatu na nusu kwanza, washa, zima, subiri dakika chache gari likiwa pahala tambarare, kisha soma kijiti. Nati ya kumwagia oili usiikaze kwa hasira. Wengi wameila meno nati hiyo kwa kudhani kwamba mkazo mkubwa ndio usalama. Hapo ndipo ile amri ya kukadiria inapomhusu mwalimu wetu: spana yenye kipimo ipo madukani, na kwa nati za tairi za magari haya kipimo cha Toyota ni 103 kwa alama ya Nm. Si lazima uwe nayo siku ya kwanza, lakini ikiwa utanunua kifaa kimoja cha ghali maishani, kiwe hicho kabla ya redio.

Kuhusu kuchemsha. Karagwe iko juu, sehemu nyingi zikiwa mita 1,500 au zaidi kutoka usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yanapofika nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama ilivyo pwani. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni kile kifuniko chenye springi, kwa kuwa hushikilia presha. Kifuniko kikilegea, gari zuri kabisa litachemsha kila mlima. Kabla hujamwita fundi akufungulie silinda hedi, badilisha kifuniko. Kipo pia kitendo ambacho kimeenea mno katika gereji zetu, cha kung'oa themostati na kuitupa ati gari lipoe. Gari lisilofikia joto lake hula petroli na huzeeka upesi, na ugonjwa wenyewe wa kuchemsha unabaki pale pale umefichwa. Na ile springi ya kifuniko ndiyo sababu ya kutokifungua kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa hurukia uso na kifua. Zima, ondoka pembeni, ngoja zaidi ya nusu saa. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Betri tuipitie haraka. Waya wa hasi hutangulia kutoka na huwa wa mwisho kurudi. Pete na saa zivuliwe. Sigara isikaribie, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Sasa breki. Mwalimu anasema anataka kuzifungua. Kuvua tairi na kutazama unene wa pedi, hilo alifanye, tena alifanye mara kwa mara, kwa sababu miteremko ya huku hula pedi. Kubadili pedi kwa mara ya kwanza afanye akiwa na fundi aliyesomea kazi hiyo, amesimama kando yake. Lakini asifungue mipira ya mafuta ya breki wala pampu akiwa peke yake. Upepo ukiingia humo, pedali huweza kuwa ngumu pale uani likiwa limesimama na ikazama mpaka chini kwenye mteremko wa kwanza. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikawekwa kabatini si ya kutumia tena, kwani mafuta yenye maji huchemka breki zinapopata moto, na kinachobaki ni mvuke usioweza kusukuma kitu. Katika uwanja huo huo wa kutoguswa naweka usukani, springi za shokapu, na nyaya zote zenye viunganishi vya rangi ya manjano, ambazo ni za mifuko ya hewa ya usalama. Anayezikata ili apitishe waya wa redio anaweza kuulipua mfuko huo usoni pake.

Juu ya mapambo na nyongeza sina shauku kubwa, lakini simlaumu anayeona raha ndani yake. Kamera ya nyuma ni kitu chema katika ua wenye watoto. Keria ya juu ni halali yake mtu, ilimradi asisahau kwamba mikungu ya ndizi iliyopakiwa juu hulifanya gari lipende kulala kwenye kona. Taa nyeupe kali zilizopachikwa ndani ya vioo vya taa za zamani ni jambo jingine. Mwanga wake hautulii chini, bali humpiga machoni anayekuja, na anayekuja ana familia pia. Kuinua gari kwa spesa ili lipite mashimo kunaeleweka kwa barabara zetu, lakini kila inchi unayoongeza hupindisha sivijointi na kubadili mkao wa magurudumu, kwa hiyo asiinue kupita kidogo sana, na baada yake apime usawa wa matairi. La mwisho na la hatari kuliko yote haya ni fyuzi. Ikikatika mara mbili, inakwambia kwamba mahali fulani waya umegusana. Anayeibadilisha kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara amehamisha moto kutoka kwenye fyuzi kuupeleka chini ya viti wanapokaa watoto.

Tuje kwenye magari ya majirani, ambapo swali la dada yetu ni zito kuliko alivyodhani. Imo katika vitabu vya Abu Daud, Nasai na Ibn Majah hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu anayetibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu ya tiba, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Wanachuoni wameifanya kuwa msingi kwa kila anayejitwika kazi ya watu bila ujuzi wake. Aliyefundishwa, akafanya kazi kwa namna inayokubalika na mafundi wenziwe, hali yake ni tofauti na ya yule aliyejaribu tu. Kwa hiyo mwalimu anapombadilishia jirani chujio au balbu, anatoa msaada na Insha Allah atapata ujira wake kwa Mola wake. Anapomfungulia breki, tena akijua moyoni kwamba hajawahi kufundishwa, amejibebesha dhamana ambayo mshahara wake hautaimudu, na kusema kwamba alifanya bure hakumuondolei. Amwambie jirani waziwazi: hili naliweza, hili siliwezi. Jirani atakayechukizwa na jibu hilo avumiliwe. Nchi nayo ina Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo hairuhusu gari bovu kuingia barabarani, na hapo anayeulizwa kwanza ni mwenye gari na dereva wake.

Vivyo hivyo siku atakapoliuza Probox lake. Yale aliyoyatengeneza mwenyewe ayataje kwa mnunuzi, na yale yaliyomshinda ayataje zaidi. Tunakumbuka jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoingiza mkono wake katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani kuna majimaji, akamkemea muuzaji kwa kuficha upande wenye kasoro. Injini iliyooshwa iking'aa ili mnunuzi asione panapovuja oili ni rundo lile lile.

Oili chafu inayotolewa isimwagwe chini ya migomba. Wapo wanaodhani inafukuza wadudu, kumbe inaua udongo na kushuka kwenye maji tunayoyanywa. Ikusanywe kwenye dumu lenye alama kubwa, ipelekwe gereji wanakojua pa kuipeleka. Na dumu hilo lisiwe kamwe lile lililokuwa la mafuta ya kula, wala petroli isihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji. Huko vijijini petroli ya chupa ni jambo la kawaida, na mtoto mwenye kiu hasomi, huona chupa tu.

Binti wa miaka 14 ametajwa katika barua kana kwamba ni tatizo la ziada. Mimi nimeona ndiye habari njema ya barua nzima. Akae na babake, ajifunze kusoma kipimo cha upepo, kubadili tairi na kukagua oili na maji, akiwa katika mavazi yake ya stara yasiyoburuza wala kuning'inia karibu na belti na feni. Mtandio ufungwe kwa ndani. Siku moja tairi litapasuka kati ya Nkwenda na Omurushaka jua likizama, na msichana anayejua kulibadilisha hatalazimika kumsimamisha asiyemfahamu. Akipenda kuendelea, vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa magari na havikuweka fani hiyo kwa wavulana peke yao.

Limebaki la udhu. Kanuni yake ni kwamba maji yaifikie ngozi. Grisi nzito, gundi na rangi iliyoganda ni vitu vyenye mwili, na vikiwa juu ya kiungo cha udhu maji hayapiti, basi ni lazima viondolewe kwanza. Ama weusi uliobaki katika mistari ya viganja baada ya kusugua, huo ni rangi isiyo na mwili, nao hauzuii. Imam Nawawi ameeleza katika al-Majmuu kwamba hata mafuta ya majimaji yaliyobaki kwenye kiungo, ambayo maji hugusa ngozi na kupita juu yake bila kutulia, hayaharibu udhu. Katika kuosha, baadhi ya mafundi hutumia petroli, na hilo tusilifanye, kwani huchubua ngozi na huwaka. Mafuta kidogo ya kula yasuguliwe mikononi makavu kwanza ili yalainishe grisi, kisha sabuni ya unga pamoja na sukari au majivu laini, kisha maji. Chini ya kucha patumike mswaki wa zamani, na kucha zenyewe zikatwe fupi. Kazi hiyo huchukua kama dakika tano, kwa hiyo mwalimu aweke spana chini kabla ya adhana, siyo baada ya kusikia iqama.